Piano ya Nyuzi au Piano ya Stima? Wasomaji Wauliza

Barua nyingi za mwezi huu zazunguka jambo moja: piano ya nyuzi ni nzito na ni adimu, je, ya stima yaweza kukaa mahali pake? Tumechagua barua nane. Humu tutaita "piano ya nyuzi" ile yenye nyundo na waya ndani, na "piano ya stima" ile inayolia kwa spika. Kibodi ni chombo kingine, na sababu yake imo katika barua ya pili.

Salaam aleikum. Watoto wangu, wa miaka 8 na 11, wameanza kufunzwa piano. Kuna familia Nyali inahama na iko tayari kutuachia piano yao ya mbao, ile ya kusimama, karibu na bure. Gharama yetu ni kuibeba tu. Twakaa Tudor, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Baba watoto ataka tununue ya stima. Nani ana haki?
*Mama wawili, Tudor*

Waaleikum salaam, dada. Tuko upande wa baba watoto, na si kwa sababu ya ngazi peke yake.

Piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 300. Ndani mna nyuzi zipatazo 230, na mvuto wake zote kwa pamoja hupita tani 15. Mzigo huo hubebwa na fremu ya chuma, lakini sauti hutoka kwenye ubao, na ubao hunywa maji. Piano hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, usiopanda na kushuka ovyo. Mombasa unyevu hupita 70 siku nyingi za mwaka, na masika huzidi. Ubao wa sauti ukivimba huinuka na kuzikaza nyuzi, na zile za katikati hupanda kuliko za pembeni, kwa hivyo piano huanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Mvua zikiisha, ubao hushuka na sauti pia. Ndiyo maana piano ya nyuzi hutaka fundi wa kuityuni angalau mara mbili kwa mwaka, na mafundi wa kazi hii si wengi Pwani. Uliza kwanza kama yuko wa kuja, kabla ya kuuliza bei ya wabebaji. Chumvi ya bahari nayo haikai bure: huzila nyuzi, na waya wenye kutu hukatika pale fundi anapoukaza.

Kuna wanaodhani eyasi (kiyoyozi) itatatua yote. Eyasi inayowashwa usiku na kuzimwa mchana ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana mbao huvimba na kusinyaa kila siku.

Hata hivyo msiikatae kabla ya kuitazama. Nendeni na tochi na simu yenye programu ya kutyuni. Inueni kifuniko cha juu, kisha mtoe ubao wa chini ulio karibu na miguu (mara nyingi hushikwa na kibati cha springi, ukikisukuma hulegea). Angalieni haya:

Pini za kukazia nyuzi. Bonyezeni A iliyo juu ya C ya katikati. Inatakiwa isome 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ikisoma karibu na 415, piano imeshuka nusu toni nzima. Kuirudisha ni kazi ya zaidi ya siku moja, na nyuzi kuukuu zaweza kukatika njiani. Kibaya zaidi ni noti moja kulia kama watu watatu wasiosikilizana. Kila noti ya juu ina nyuzi tatu, na zikiachana sana, huenda pini zimelegea ndani ya ubao wake. Pini zikiacha kushika, ityuniwe leo, wiki ijayo imerudi ilikokuwa.

Vibonyezo vyote 88, kimoja kimoja, polepole. Kinachobonyea na kukawia kurudi kimevimba, au ekseli ndogo ya nyundo yake imebanwa na kitambaa kilicholowa. Vitatu vinne, fundi huvimaliza. Thelathini, mwambieni ahsante aliyewapa.

Wadudu na panya. Mulikeni chini ya vibonyezo na nyuma. Nondo hula felti ya nyundo, panya hujenga humo, na mchwa huanza chini, kwenye ubao unaogusa sakafu. Gongeni kwa kidole: mlio wa debe tupu na unga mwembamba sakafuni ni jibu tosha.

Ikipita yote hayo, na mngekuwa mwakaa nyumba ya chini yenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala upepo wa bahari, tungesema ichukueni. Piano ya nyuzi ikitunzwa huishi miaka mingi kuliko chombo chochote cha stima. Zipo hata za zamani zilizoundwa kwa ajili ya nchi za joto, zenye skrubu za shaba mahali ambapo nyingine zina gundi tu. Lakini kwa ghorofa ya tatu, wabebaji, fundi mara mbili kwa mwaka na majirani wa juu na chini, rahisi huwa ghali. Nunueni ya stima yenye vibonyezo 88 vya nyundo. Haityuniwi, ndogo zina kama kilo 11, na mtoto wa miaka 11 aweza kufanya mazoezi saa nne usiku na hedifoni masikioni.

Nina kibodi ya vibonyezo 61 nyumbani. Mwalimu asema haitoshi, kwamba ninunue piano kamili. Ni kweli, au ataka tu kuniuzia yake?
*Msomaji wa Mikindani*

Kama ataka kukuuzia yake, hilo mtalimaliza wenyewe, lakini hoja yake ni ya kweli. Tena upungufu mkubwa si idadi. Vibonyezo 61 vyatosha kwa mwaka wa kwanza, kwani vitabu vya wanaoanza havifiki mbali. Tatizo ni kilicho chini yake. Kibonyezo cha kibodi hurudishwa na springi: kadiri unavyokishusha ndivyo kinavyozidi kukusukuma. Kibonyezo cha piano hurusha nyundo: kizito mwanzo, kisha chepesi. Kidole kilichozoea springi hujifunza kusukuma, na siku kikikutana na piano ya nyuzi, noti za taratibu hazitoki kabisa na za nguvu hutoka kwa fujo.

Ukienda dukani, jaribu hivi. Mwambie muuzaji azime kwanza. Bonyeza cha mwisho kushoto na cha mwisho kulia: kushoto lazima kiwe kizito zaidi, kama ilivyo kwenye piano ya nyuzi ambako nyundo za besi ni kubwa. Vikiwa sawa, ni uzito wa kubandika. Pima pia kwa futi: kutoka ukingo wa kushoto wa C moja hadi ukingo wa kushoto wa C inayofuata ni kama sentimita 16.5. Ikipungua, ni chombo cha watoto. Shika cha katikati ukitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini kikigonga jirani yake, kiache.

Kisha awashe. Bonyeza polepole mpaka noti isilie, ongeza kidogo mpaka ilie kwa mnong'ono, halafu piga kwa nguvu. Sauti inatakiwa ibadilike rangi pia: ya chini iwe laini, ya juu iwe kali. Ikiongezeka ukubwa tu, hiyo ni rekodi moja iliyofunguliwa zaidi. Piga noti moja ya besi na uiache izimike yenyewe. Sikiliza kama yafifia polepole au yajirudia kwa kuyumba, wu-wu-wu. Mwisho kanyaga pedali na upige kwa mikono miwili kutoka chini hadi juu. Noti za mwanzo zikikatika ghafla, idadi ya sauti zinazoweza kulia pamoja ni ndogo. Siku hizi usishuke chini ya 64.

Orodha ya milio 500 na midundo 200 iliyoandikwa kwenye boksi usiisome. Kampuni yenye fedha kidogo ya kutengenezea vibonyezo hujaza milio.

Nimebaki na tatu: Yamaha P-145, Roland FP-10 na Casio CDP-S110. Ipi?
*Kijana wa Bamburi*

Zote tatu zina vibonyezo 88 vya nyundo na zote zafaa kuanzia. Tofauti iko vidoleni.

Sisi tungechukua FP-10. Vibonyezo vyake vina sensa tatu kila kimoja, kwa hivyo waweza kurudia noti moja haraka bila kukiacha kibonyezo kipande mpaka juu, na hutoa sauti 96 kwa pamoja, wenzake wakiwa na 64. Uso wa vibonyezo haung'ari, una mkwaruzo mdogo. Kwa joto la Bamburi na vidole vyenye jasho hilo si pambo. Pia yakubali pedali ya nusu, yaani ile inayozima sauti kidogo kidogo badala ya kuzima na kuwasha tu, lakini pedali inayokuja nayo ni ya kuzima na kuwasha, ya nusu utanunua mbali. Ubaya wake ni kishindo: vibonyezo vyatua kwa uzito, na jirani wa chini atasikia "du-du-du" hata ukivaa hedifoni. Tandika mpira au kipande cha zulia nene chini ya stendi.

CDP-S110 ndiyo ya anayepotelewa na stima mara kwa mara, maana hukubali betri sita ndogo za kalamu, na ndiyo nyembamba kuliko zote. P-145 ilitoka 2023 kuchukua nafasi ya P-45 iliyouzwa kwa miaka mingi. Vibonyezo vyake ni vyepesi kidogo na mlio wake uko wazi. Kwa mtoto wa miaka 7 yaweza kuwa bora kuliko chaguo letu.

Ukipiga hesabu, usisahau stendi, kiti na pedali. Usiiweke kwenye meza ya kulia. Meza ina sentimita 75, chombo chenyewe huongeza 10 hadi 14, na mikono ya mtoto itakuwa ikining'inia kutoka mabegani. Uso wa vibonyezo uwe sentimita 72 hadi 74 kutoka sakafuni. Stendi ya msalaba mmoja hutikisika ukipiga kwa nguvu, na magoti hugonga vyuma vyake. Tafuta ya miguu minne au ya mbao.

Mtihani wa ABRSM waweza kufanywa kwa piano ya stima?
*Mzazi, Kizingo*

Ndiyo, bodi hiyo ya Uingereza ya mitihani ya muziki huikubali, ikiwa na mlio halisi wa piano, vibonyezo vya ukubwa kamili vyenye uzito na pedali ya kudumisha sauti. Tangu 2020 kuna pia mitihani ya kurekodi video nyumbani, vipande vinne kwa mfululizo bila kukata. Hapo mhakikishe spika zalia chumbani na simu yazinasa, msirekodi kwa hedifoni. Akifika gredi ya 6 na kuendelea, mtafutieni saa moja kwa wiki kwenye piano ya nyuzi, kanisani au kwa mwalimu. Mguso wa mwisho wa sauti laini na kazi ya nusu pedali havifunziki vizuri kwenye chombo cha bei ya chini.

Tulinunua piano ya stima kwa ajili ya kwaya. Tukiiunganisha na mikrofoni na spika za kanisa, yanguruma "mmmm", na mlio huwa mwembamba kama wa redio ndogo.
*Mwalimu wa kwaya, Changamwe*

Mwalimu, hayo ni magonjwa mawili. Mngurumo hutokana na piano na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) kuchomekwa kwenye soketi za pande mbili tofauti za kanisa, kila moja ikiwa na waya wake wa ardhi. Lisheni vyote kutoka soketi moja kwa kamba ya kugawa. Ukibaki, wekeni kisanduku cha DI (kiunganishi kidogo cha waya za sauti) kati ya piano na mikisa na mbonyeze swichi yake ya kukata ardhi. Msikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi. Mwenye mikrofoni ya chuma mkononi ndiye atakayerushwa.

Mlio mwembamba huja kwa sababu piano hurekodiwa kwa pande mbili, kushoto na kulia. Pande hizo zikibanwa kuwa moja, baadhi ya mawimbi hufutana. Kama nyuma kuna tundu lililoandikwa L/Mono, tumieni hilo peke yake, chombo chenyewe kitachanganya sawasawa. Kama kuna tundu la hedifoni tu, tumieni waya unaogawa kushoto na kulia, mziingize kwenye chaneli mbili, na ikiwa spika za kanisa ni za upande mmoja, fungeni chaneli moja kabisa. Kuhusu ukubwa wa tundu: kuna vyombo vya milimita 6.35 na vya 3.5. Adapta ya tundu ndiyo hupotea Jumapili asubuhi, nunueni mbili.

Shikamooni. Piano yangu ina miaka minne. Tangu masika, G moja yalia kwa nguvu kupita zote hata nikiigusa tu, na A iliyo karibu nayo wakati mwingine hailii. Pia kuna siku spika zanyamaza kabisa. Fundi wa redio asema bodi imekufa.
*Mwanafunzi, Likoni*

Marahaba. Usinunue bodi bado.

Chini ya kila kibonyezo kuna mpira wenye vidonge vyeusi vya kaboni viwili au vitatu. Kidonge cha kwanza kikigusa bodi, saa yaanza kuhesabu. Cha pili kikigusa, yasimama. Muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu. Vumbi na unyevu vikikizuia cha kwanza mpaka kibonyezo kifike chini, muda huwa mfupi mno na noti hulipuka. Kikizuiwa kabisa, noti haitoki. Unganisha piano na kompyuta au simu kwa waya wa USB, fungua programu yoyote inayoonyesha nguvu ya noti, ambayo huwa 1 hadi 127. Kama G hutoa 127 kila mara, ugonjwa ni vidonge.

Kusafisha ni kazi ya alasiri nzima, na kama chombo kingali na dhamana, usikifungue. Chomoa adapta. Ilaze piano kichwa chini juu ya godoro. Skrubu zina urefu tofauti, zipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa plastiki juu. Piga picha kila hatua, hasa mikanda ya waya mipana. Mipira huja kwa vipande vya noti 12 au 13. Ivute taratibu kwa vishikizo vyake. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa vidonge na alama nyeusi za bodini mara moja kwa upole, acha vikauke dakika 15. Usitumie msasa, utaondoa kaboni yenyewe. Usipulize mafuta ya kopo ya kulegeza kutu: yataacha utelezi unaokusanya vumbi, na mwezi ujao utaandika tena. Unaporudisha mipira, sukuma kila kishikizo kwa kijiti cha meno mpaka kiingie chote, na usizibe vile vijia vidogo vya hewa pembeni.

Spika kunyamaza ni jambo jingine, na jepesi zaidi. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kibati kinachozima spika plagi ikiingia. Kutu ya chumvi hukifanya kidhani plagi imo. Ingiza na kutoa plagi mara 10 au 15. Spika zikirudi, umempata mwizi.

Kisha ifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni inayofungia unyevu, na usiiweke dirishani. Mende na mijusi hupenda joto la bodi, kwa hivyo usile karibu nayo. Na pedali ikianza kufanya kazi kinyumenyume, usiogope: uliwasha piano ukiwa umeikanyaga. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Nimeona piano ya stima kutoka Japani, kubwa, ya kabati, bei nzuri. Plagi yake ni ya vipini viwili bapa. Nibadilishe plagi tu? Na je, yaweza kutumia betri ya sola?
*Msomaji wa Kongowea*

Ukibadilisha plagi tu, utaisikia mara moja na ya mwisho. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, utahitaji transfoma ya kushusha hadi 100, yenye wati mara mbili ya zile zilizoandikwa. Transfoma nyingi za sokoni hushusha hadi 110 kwa ajili ya vyombo vya Marekani, na stima ikipanda usiku zinapita hapo. Omba ya 100.

Vyombo vinavyotumia adapta ni rahisi zaidi: nunua adapta mpya ya 240, yenye volti zile zile, ampea zile zile au zaidi, na mchoro ule ule wa alama ya kujumlisha katikati au pembeni. Kibodi za zamani za Casio zina alama ya kutoa katikati, Yamaha ya kujumlisha. Adapta ya jirani yaweza kuingia tunduni vizuri kabisa na bado ikaua.

Betri ya sola ya volti 12 hufika 14.4 jua likiwa kali. Usiunganishe moja kwa moja. Weka katikati kidhibiti kinachotoa volti zilizoandikwa kwenye chombo. Chombo kidogo chenye adapta hula stima kidogo sana, wati chache tu, betri haitasikia.

Babu yangu alipiga kinanda cha taarab Mji wa Kale. Nikinunua piano ya stima nitaweza kupiga Rast?
*Kijana, Mji wa Kale*

Si kwa piano za bei ya kawaida. Rast (skeli ya muziki wa Kiarabu) inayoanzia C yataka E na B zishuke robo toni, na piano hizi hukupa nusu toni tu, sawa na piano ya nyuzi. Tafuta kibodi ya kupanga midundo yenye sehemu ya kubadilisha skeli, ushushe E senti 50 na B senti 50 (ndiyo robo toni hiyo), uhifadhi. Vibonyezo vyake ni vya springi, lakini kwa kazi hiyo wepesi ndio utakaoutaka.